Koti la Castory

Mkonze, Dodoma
14 Aprili 2024

Flaviana, mama yake Deusdedit,

Mbukwa. Hiyo ndiyo salamu yetu Wagogo. Wewe ndiye uliyetakiwa kuniamkia kwanza, maana nimekuzidi umri kwa mbali, lakini uliondoka msibani, kule Nzuguni kwa mwanao, bila kuniaga, kwa hiyo naanza mimi. Ujue kwamba nimeanza mimi.

Naandika kwa mkono wangu. Nilisoma ngumbaru, mwalimu alikuwa mkali na mimi nilikuwa mkali zaidi, tukaelewana. Simu siitaki kwa mambo ya maana, kwenye simu mtu anakata halafu anasingizia mtandao. Barua hii anaileta Faustini, anaendesha lori la mafuta ya alizeti mpaka Manyovu, hapo mpakani atampa yule mama wa vitenge wa kwenu.

Sasa. Mwanao amekuja hapa jana, uso kama mtu aliyemeza kokoto. Nikamwambia kaa, hakai. Anasema, "Bibi, mama amepiga simu. Ndoa hakuna. Anasema haingii kwenye ukoo wa watu wanaocheka juu ya kaburi." Mjukuu wangu Jenifa alikuwa anapepeta uwele. Akaendelea kupepeta mpaka uwele wote ukawa chini pamoja na pumba. Huyo mtoto nimemlea mimi tangu mama yake, binti yangu Anna, alipofariki. Ng'ombe wa mahari mmeleta, tumewapokea, wapo zizini wanakula. Tarehe tumepanga, kumi na tatu Julai, mavuno yakishaingia. Halafu wewe unavunja kwa simu, kama mtu anayekataa kununua nyanya.

Acha nikueleze nilichokifanya pale msibani, maana naona hukukielewa.

Ndugu yako Castory alikuwa mtani wangu. Tembe yangu ilipoanguka ndiye aliyekuja kunijengea hii nyumba ya matofali ya kuchoma. Siku ya kwanza tu akaitazama tembe, akanitazama na mimi, akasema, "Bibi, hii imeangushwa na mvua au na maneno yako?" Nikamwambia Mrundi anachojua ni kukimbia, aushike vizuri huo ukuta usije ukakimbia naye. Ikawa hivyo kila siku. Nikamwambia, wewe ukitangulia kufa nitakuaibisha mbele za watu. Akasema, ukitangulia wewe nitakuzika umekaa, ili uendelee kusema.

Utani si utovu wa adabu, Flaviana. Utani ulitoka vitani. Mababu zetu na Wasandawe wa Chemba walipigana mishale kwa ajili ya ng'ombe, na leo Msandawe akija kwenye msiba wangu atachimba kaburi, atanitukana mbele ya watoto wangu, atachukua nguo yangu, na hakuna wa kumwuliza. Msiba usio na mtani ni wa mtu aliyeishi vibaya. Kwa hiyo Castory alipokufa, nilifanya kazi yangu. Nilivaa koti lake. Nililala kwenye udongo wa kaburi, nikasema hashuki mtu hapa mpaka nilipwe. Nikasema maneno. Walipolipa nikainuka. Watu wote wa Mkonze waliokuja walicheka, na waliocheka sana ndio waliolia sana, uliwaona mwenyewe. Koti sasa ni langu. Ndiyo haki ya mtani.

Kwa hiyo hasira zako ziweke chini, na Julai uje.

Ni mimi,
Loisi, bibi yake Jenifa


Makamba, Burundi
2 Mei 2024

Bibi Loisi,

Shikamoo.

Unasema niliondoka bila kukuaga. Si kwamba nilisahau. Nilipita nyuma ya nyumba ili nisikuone.

Kiswahili nilijifunza kambini Kasulu, nikishona sare za watoto wa shule. Nilikaa huko miaka mingi, kwa hiyo naelewa kila neno. Katika barua yako umeandika "nikasema maneno", na maneno yenyewe hukuyaandika. Nitayaandika mimi. Ulisema, "Castory, inuka, unatuaibisha. Wenzako kwenu waliuana kiume kwa mapanga, wewe unakufa kwa kikohozi kama kuku." Watu wakacheka.

Mume wangu Bartolomayo aliuawa kwa panga, Oktoba ya mwaka tisini na tatu, kwenye njia ya kisimani. Alikuwa na mtoto wetu wa kwanza, Paskalia, wa miaka minne. Alikuwa amemshika mkono. Mimi nilibaki nyumbani na Deusdedit mgongoni. Castory alikuja mbio akatuingiza ndani ya tanuri lake la matofali, lilikuwa limepangwa tayari, bado halijawashwa. Tulikaa mle tukisikia watu wakipita na kuimba. Kulipotulia akaenda kule njiani. Kuzika hakuweza, walikuwa bado wanazunguka. Alichoweza ni kumvua Bartolomayo koti. Alivuka nalo mpaka, akalivaa kambini, akalivaa Dodoma. Umelivaa na wewe.

Najua hakukuambia. Hata mimi na yeye hatukuwahi kulizungumza, zaidi ya miaka thelathini. Lakini nilikuona umelala kwenye udongo na koti la mume wangu, na mdomo wako unasema mapanga.

Jenifa ni binti mwema, sina neno naye. Ila mimi na wewe hatutakaa meza moja.

Flaviana


Mkonze
19 Mei 2024

Flaviana,

Barua yako nimeisoma. Nikaiweka chini ya godoro, nikaitoa, nikaisoma tena. Jenifa akauliza inasema nini, nikamwambia akachote maji.

Koti hilo hapo, Faustini analo kwenye mfuko wa salfeti. Sikulifua. Lina saruji na tumbaku ya Castory, nikaona si kazi yangu kuvitoa. Mtani harudishi alichochukua, hapa kwetu haijatokea. Wakijua watasema Loisi amezeeka. Waache waseme.

Pole. Nimeandika mara moja na siandiki tena, kwa sababu pole ikirudiwa sana inakuwa kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Lakini na mimi nina langu. Nani alikuwa na kazi ya kuniambia? Castory amekunywa uji kwenye kibaraza changu mpaka nyumba ikaisha. Vita vyenu alivicheka yeye kwanza. Ni yeye aliyesema Warundi wakikosa mvua wanapigana, wakiipata wanapigana kwenye matope. Mtu akikuchekea kidonda chake, wewe utajuaje kwamba bado kinatoa damu? Mlifunika chungu, mmoja Dodoma mmoja Makamba, halafu mnanikasirikia mimi niliyeungua.

Na mtoto wako. Ulimbeba mgongoni ukamfikisha salama, ili iwe nini? Aje azeeke peke yake Nzuguni akila ugali mbichi? Jenifa hajaua mtu. Deusdedit hajaua mtu. Ukifunga mlango huo, waliokuja na mapanga watakuwa wamechukua na hawa wawili.

Halafu nieleze kitu. Mimi sijasoma. Miaka ile redio ilikuwa inasema Burundi, Wahutu, Watutsi, na mimi nakoroga uji. Mlikuwa mnagombea nini? Watu wakipigania ng'ombe naelewa. Wakipigania kisima naelewa. Nyie lugha moja, kanisa moja, mnaoana. Na wewe ni yupi katika hao? Hilo la mwisho usipotaka usijibu. Lile lingine nijibu.

Loisi


Makamba
9 Juni 2024

Bibi Loisi,

Shikamoo. Koti limefika. Nimelitundika kwenye kiti, nikakaa mbele yake kama mtu aliyepata mgeni.

Nakujibu yote mawili. Mimi ni Mhutu. Bartolomayo alikuwa Mtutsi. Waliomuua ni watu wangu mimi, na aliyewaongoza ndiye aliyetusimamia kanisani siku ya ndoa. Ndiyo maana hatukusema. Ukiwaambia watu kwamba mumeo aliuawa, wanakuonea huruma. Ukiwaambia nani alimuua, wanakutazama mikono.

Tulichokuwa tunagombea, nakueleza nilichokiona mimi, wasomi wana maneno yao. Wabelgiji walikuwa wametuandika makabila kwenye vitambulisho, kama ng'ombe wanaotiwa chapa. Walipoondoka, jeshi, ofisi na nafasi za shule vikabaki kwa wachache wa upande mmoja. Wenye navyo wakaishi kwa hofu, wasio navyo wakaishi kwa kinyongo. Lakini hizo zilikuwa kuni. Kuni zinaweza kukaa miaka.

Mwaka sabini na mbili nilikuwa na miaka saba. Baadhi ya watu wa upande wangu waliasi, wakaua, na serikali ikaja kulipiza kwa kila aliyejua kusoma. Lori la jeshi lilimchukua baba yangu. Alikuwa mwalimu. Hakurudi, wala waliopandishwa naye hawakurudi, na hatukupewa maiti. Mama alikatazwa matanga. Kulia kwa sauti kulikuwa ni kusema kwamba serikali imeua, kwa hiyo alilia akitwanga, ili kinu kimfunike. Kila nyumba ya kilima chetu ilitwanga sana mwaka ule.

Watoto wa vinu vile walikua. Mwaka tisini na tatu wanajeshi walipomuua rais tuliyekuwa tumemchagua, watoto hao wakatoka na mapanga. Hawakwenda kwa wanajeshi. Walikwenda kwa jirani. Walikwenda kwa Bartolomayo, ambaye siku ya lori alikuwa mtoto kama wao. Kisha jeshi likaja kulipiza, waasi wakaingia msituni, ikawa zaidi ya miaka kumi.

Vita viliisha. Wakubwa walitia sahihi huko kwenu Arusha. Hapa kilimani hakuna aliyemshika mtu mkono. Jirani yangu ni Anyesi, mjane wa yule msimamizi wetu. Kila asubuhi ananiambia "amahoro", namwambia "amahoro", maana yake amani, kisha kila mmoja anafunga mlango wake.

Sasa nakuuliza mimi. Unasema mlipigana na watu, na leo wanawachimbia makaburi na kuwatukana, na mnacheka. Mlianzaje? Hamkuamka tu asubuhi moja mkacheka. Ukinijibu hilo, nitaifikiria Julai.

Flaviana


Mkonze
20 Juni 2024

Flaviana,

Umeniuliza swali, na mimi sijazoea kuulizwa. Nilikaa nalo, nikakuta najua matusi yote ya utani, lakini mwanzo wake siujui. Nikapanda bajaji mpaka Area D kwa Uwesu. Huyu ni Msandawe wa Chemba, fundi baiskeli, ndiye atakayenichimbia kaburi. Nikamkuta anakula.

Akasema, "Mgogo kufika saa ya chakula, bahati mbaya au mazoea?"

Nikamwambia, "Msandawe kuwa na chakula, umeiba wapi?"

Mkewe Naima akaniletea kiti na maji. Nikamwuliza Uwesu kama nilivyoulizwa. Akaacha kutafuna. Akasema, "Hili si swali lako. Nani amekupa akili leo?" Nikamwambia Mrundi. Akanawa mikono kwanza, ndipo akasema. Ni habari aliyopewa na bibi yake, na mimi nakupa kama nilivyoipata.

Anasema walipochoka kuuana, pande mbili zilikaa kwenye korongo kavu, silaha wameziacha mbali. Hawakutaja watu waliowapoteza. Hao kila mtu alikuwa nao moyoni, kuwataja ni kuanza upya. Kila upande ulitaja watu uliowaua. Fulani mwana wa fulani, tulimuua sisi, alikuwa ameinama anakunywa maji. Upande wa pili unasikiliza. Unaruhusiwa kulia, huruhusiwi kujibu. Wakiisha hawa, wanaanza wale. Mpaka majina yakaisha. Ndipo wakachinja, wakala bila kutazamana, wakaenda zao. Hakuna aliyecheka.

Mvua zikaja zikapita. Akafa mzee mmoja wa upande wetu, kifo cha kawaida tu. Wasandawe wakaja kuchimba kaburi bila kuitwa. Watu wakawatazama. Mchimbaji mmoja, yumo ndani ya shimo, akapima urefu, akapima tena, akasema, "Mtu mrefu hivi, sisi tulimkosaje?"

Uwesu anasema bibi yake alisema hata mbwa walinyamaza. Kisha mjane akacheka. Yule mjane mwenyewe, Flaviana. Utani ukaanzia hapo.

Mimi huo mwanzo sikupewa. Nilirithi kicheko, kikao cha korongoni hakuna aliyenirithisha, nikadhani mambo yote ni mdomo. Nikakuletea cha mwisho wakati nyie cha kwanza hamjakifanya. Kwa hiyo nafanya changu. Bartolomayo, mume wa Flaviana, nilimcheka mimi, nikiwa nimelivaa koti lake. Paskalia, binti wa Bartolomayo, wa miaka minne, nilimcheka mimi. Mimi Loisi. Nimewataja. Huruhusiwi kujibu.

Mtama umeingia ghalani. Jenifa amekonda, akitembea nguo inamfuata nyuma. Deusdedit anakuja kila Jumapili, anarekebisha vitu ambavyo havijaharibika. Jumapili iliyopita amepaka dari chokaa. Mimi simwozi mjukuu wangu kwa mtu ambaye mama yake yuko nyuma ya mlango. Usipokuja, ng'ombe nitawarudisha wote, hata ndama aliyezaliwa hapa. Tarehe haibadiliki. Siku hiyo nitapika, ukija nitakula na wewe, usipokuja nitakula na nzi.

Loisi


Makamba
3 Julai 2024

Bibi Loisi,

Shikamoo. Umeniambia siruhusiwi kujibu, kwa hiyo hilo silijibu.

Nilitembea na barua yako kwenye kitenge siku kadhaa. Kisha asubuhi moja Anyesi akasema "amahoro" kama kawaida, na mimi sikufunga mlango. Nikamwambia naomba kuingia kwake. Aliogopa. Mimi pia niliogopa.

Nikakaa. Nikamwambia kuna watu huko Dodoma wanafanya hivi. Nikaanza mimi. Anyesi ni Mhutu kama mimi, sikuwa na mtu wake wa kumtaja. Nikataja wale ambao watu wetu sote wawili waliwaua kilimani hapa, majina yote ninayoyakumbuka, na nyumba zao. Jina la Bartolomayo sikulitaja. Nikangoja.

Alikaa muda mrefu akichambua maharage. Mwishowe akasema, "Bartolomayo na Paskalia, mume wangu aliwaua. Nilimfulia shati." Akasema pia kwamba baba yake alikuwa kwenye lori moja na baba yangu. Tumekaa jirani maisha yote, na hilo sikulijua.

Hatukucheka, Bibi. Wala hatukukumbatiana. Hakuna aliyechinja. Nilipotoka akanifungia mbegu za maharage kwenye karatasi, nikazichukua.

Nakuja. Nakuja na koti. Usinipikie vitu vingi.

Flaviana


Kigoma mjini
16 Julai 2024

Bibi Loisi,

Shikamoo. Naandika hapa stendi, gari la mpakani bado halijajaa, na barua hii nampa Faustini ambaye anarudi kwenu leo.

Kwanza, ndoa imefana, na Jenifa sasa ni mwanangu. Pili, koti limemwenea Deusdedit mabegani, mikono mifupi. Nilipomwona amesimama nalo kanisani nilitaka kutoka nje, na wewe ukanishika sketi kwa nyuma. Nashukuru, ingawa umeipasua.

Tatu, nina mambo ya kukuambia ambayo nisingeweza kuyasema nikiwa mgeni. Nchi yenu Mungu aliiumba mwisho, ndoo ya maji imeshakauka, akafuta mikono akaondoka. Mlenda wako unateleza mpaka mtu hana uhakika kama amekula. Na usiku unakoroma kama lori la Faustini likipanda mlima.

Nne. Mtakuwa mmekitafuta kile kigoda chako cha miguu mitatu, kile alichokuchongea marehemu mumeo, ambacho humruhusu mtu kukikalia. Msiwasumbue watoto wa jirani. Ninacho mimi, nimekikalia hapa stendi, watu wanaulizana huyu mama ametoka wapi na kiti chake.

Mwaka tisini na tatu nilikimbia bila hata kiti. Safari hii nimejipanga.

Ukikitaka, uje Makamba ukilipie.

Mtani wako,
Flaviana


Mkonze
24 Julai 2024

Flaviana, mwizi,

Mbukwa.

Nimewasumbua watoto wa jirani. Mmoja nilishamvuta sikio, sasa imebidi nimpe karanga.

Faustini alinisomea barua yako kwa sauti, maana miwani ilikuwa ndani. Alipofika kwenye mwaka tisini na tatu akasita, akanitazama, hajui aendelee au anyamaze. Nikamwambia soma, wewe. Akasoma. Jenifa alikuwa mlangoni, akaweka mkono mdomoni. Na mimi nikangoja kidogo, Flaviana, nione kama ni mimi wa kuanza. Ndipo nikacheka. Nilicheka mpaka Deusdedit akashuka huko darini kuuliza nani amekufa.

Mlenda wangu ulikula bakuli mbili. Kuhusu kukoroma, marehemu mume wangu alikaa nako miaka arobaini akafa kwa malaria, kwa hiyo hakuui.

Kigoda hicho siwezi kukiacha mikononi mwa Mrundi, mtakigombea. Faustini anaondoka tena Agosti, na nimemwambia aache nafasi mbele, mimi sipandi nyuma na madumu. Nakuja kulipa. Nitakaa siku mbili tatu, na huyo Anyesi mwambie nitataka kumwona, aandae maharage, asiniogope. Nikifika nitakaa katikati yenu, na kukiwa kimya, tutakaa kimya. Mimi naweza, ingawa hamtaamini.

Uwesu anakusalimu. Anasema ukifa atakuja kupima urefu.

Naandika nimekaa chini, mgongo unauma, kwa ajili yako.

Mtani wako,
Loisi